Bibi, hema na kusi la Salalah

Mimi ndiye niliyesema Bibi abaki nyumbani. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu karibu kila nililojifunza katika safari ile limeshikamana nalo.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Nilikuwa nimetoka Unguja kwenda Maskati kumtembelea kaka yangu, ambaye ameoa huko na anaishi huko. Julai ya Maskati ni ya kuvumilia: hata baada ya Magharibi, ukifungua mlango joto linakupiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Kaka akasema tusijifungie ndani na viyoyozi, twende Salalah, kusini kabisa katika jimbo la Dhofar, ambako wakati huo milima huwa kijani na mtu hutafuta sweta. Msimu huo Waomani wanauita kharif, na wanauhesabu kuanzia tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba. Kwa ndege ni saa moja na nusu tu. Kaka alitaka twende kwa gari, kilomita elfu moja hivi, tena tulale kwenye hema, watoto waione nchi yao.

Bibi ni mama yake wifi yangu. Alizaliwa Pemba, upande wa Wete, akaondoka na wazazi wake mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani na Waomani waliokuwa ng'ambo wakaanza kurudi. Alikuwa msichana tu. Leo magoti yanamsumbua na sukari anayo. Nikamwambia wifi yangu jikoni, kwa nia njema kabisa, "Bibi tumwache kwa dada yako. Hemani si mahali pa mtu mzima." Bibi alikuwa ukumbini akasikia. Hakukasirika. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nimelala dunguni kulinda mpunga wa baba, usiku kucha, wewe hujazaliwa. Hema ndilo litakalonishinda?"

Tukaenda naye.

Usiku wa kwanza tulilala Jebel Akhdar. Chini ya mlima, pale Birkat al-Mouz, kuna kizuizi cha polisi, na gari isiyovuta kwa magurudumu yote manne hairuhusiwi kupita. Familia moja mbele yetu walikuja na gari ndogo wakarudishwa, watoto wanalia dirishani. Niliona ni ukali usio na sababu. Kaka akasema sheria ile mtu huielewa wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda, na kesho yake nikaielewa. Barabara ni ya lami, pana na nzuri, lakini inatelemka kutoka kama mita 2,000 juu ya bahari, kona baada ya kona, na pembeni wamejenga vinjia vifupi vinavyopanda juu, vya kuponyokea gari ambayo breki zimekataa. Kaka alishuka kwa gia ya kwanza na ya pili, mguu mbali na breki, injini ndiyo inayoishika gari. Katikati ya mteremko tulikuta gari imeegeshwa, bonde zima linanuka breki zilizoungua. Tangu siku hiyo, hata nikitelemka kilima kidogo cha kwetu, mkono wangu unakwenda kwenye gia kwanza.

Juu kule kuna mashamba ya ngazi, yamechongwa kwenye mlima kama baraza moja juu ya nyingine, yamejaa mikomamanga, na maji yanapita katika mfereji mwembamba wa falaji, kila shamba na zamu yake. Usiku kulikuwa na baridi ya kujifunika. Bibi alilala kwenye kitanda cha kukunja, akalala kuliko sisi sote.

Kutoka mji wa Adam kwenda kusini ni jangwa tupu, tambarare hadi upeo wa macho. Sina mengi ya kusema juu ya uzuri wake, maana siku ile sikuuona. Niliona joto. Pembeni mwa barabara kuna vipande vya matairi yaliyopasuka, na kila kipande kilikuwa kinatuambia kitu. Kaka anapima upepo wa matairi alfajiri, gari ikiwa bado baridi, kwa sababu tairi likishapata moto kipimo kinadanganya. Mafuta yakifika nusu ya tangi tunajaza, hata kama kituo kingine kipo kwenye ramani. Maji tulibeba ya kunywa na mengine mbali kabisa, ya gari na ya dharura, hayaguswi. Na kutoka saa sita mchana hadi saa tisa hatukutembea. Tuliingia Haima, tukasali Adhuhuri na Alasiri pamoja kama wasafiri, tukala, tukaamua kulala hapo hapo kwenye hoteli ndogo. Kulala hemani katika joto la nyuzi 45 na mtu mwenye sukari si ushujaa.

Tambarare ile ya Haima, Jiddat al-Harasis, ndiyo makazi ya choroa mweupe wa Arabuni. Mwaka 1972 wa mwisho aliyekuwa porini aliuawa, ikawa wamebaki wa kufugwa tu. Mwaka 1982 walirudishwa nyikani pale pale. Watoto walikodoa macho kutwa nzima wakaambulia ngamia. Ila kule kumtafuta kuliwanyamazisha kilomita mia moja, na kwa hilo namshukuru choroa.

Jambo moja dogo ambalo watu hawalisemi: choo. Ukiwa na mzee na watoto, usianze kutafuta mahali pazuri pa hema. Tafuta kwanza msikiti au kituo cha mafuta chenye vyoo safi na maji ya kutawadha, ndipo utazame mandhari. Bibi alilisema siku ya kwanza, na kila tulipolifuata tulilala vizuri.

Siku ya tatu tukapita Thumrait. Nilikuwa nimekaa mbele, nikikitazama kipimo cha joto cha gari. Kilisoma 41. Jangwa ni lile lile, mawe na vumbi. Barabara ikaanza kupanda, mbele yetu pakasimama ukuta mweupe, nikadhani ni vumbi la upepo. Hatukufika nusu saa, kipimo kinasoma 25, vioo vimelowa, na kando ya barabara ni majani, majani ya kweli, marefu, yanadondosha maji. Watoto wakafungua madirisha wakatoa mikono nje. Wifi yangu akawa analia, bila kusema sababu.

Katika ukungu ule dereva anatakiwa atulie. Kaka alizima taa kali akawasha za chini, kwa kuwa taa kali ukungu unakurudishia machoni. Akaacha nafasi kubwa na gari la mbele. Ngamia wawili walikuwa wamesimama katikati ya njia, rangi yao na ya ukungu ni moja, tukawaona wakiwa hatua chache tu mbele. Kama tungekuwa tunakimbia nisingekuwa naandika haya.

Mjini Salalah kuna vibanda mfululizo kando ya barabara vinavyouza madafu, ndizi, mapapai na miwa. Mimi ni mtu wa Unguja, na bado niliduwaa. Bibi ndiye aliyeshuka wa kwanza. Muuzaji akampa moja, akalitikisa sikioni, akalirudisha. "Hili si dafu tena, limeshakuwa koroma." Akaanza kuwafundisha wajukuu pale pale: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Wajukuu wamezaliwa Maskati, Kiswahili wanakisikia zaidi kuliko wanavyokisema, lakini maneno yale matano waliyaimba njia nzima.

Jioni tukapanda uwanda wa Ittin, juu ya mji, ambako familia nyingi zinapiga hema wakati wa kharif. Tukapata mahali laini, tambarare, pamezama kidogo, pana majani kama zulia. Tukaanza kugonga vigingi. Bibi alisimama na fimbo yake akapatazama, akasema, "Hapo ni njia ya maji." Kaka akamjibu kwa adabu, "Mama, huku hakunyeshi mvua kubwa, ni manyunyu tu." Na mimi nikamuunga mkono kaka. Nilikuwa nimechoka na mahali palikuwa pazuri.

Manyunyu yale hayana sauti. Hujui kama yananyesha, unaona tu kila kitu kimelowa. Saa nane usiku nilihisi godoro linacheza chini yangu kama dau lililofungwa gatini. Nikashusha mkono, maji yamejaa. Kosa halikuwa mahali peke yake. Tulikuwa tumetandika turubai chini ya hema, na turubai ni kubwa kuliko hema, kingo zake zimetokeza nje pande zote. Maji yaliyotiririka kwenye paa la hema yalikuwa yanaangukia kwenye kingo zile na kuletwa moja kwa moja chini ya migongo yetu. Tulikuwa tumejitengenezea birika. Watoto wanatetemeka, mablanketi yanakamulika, kuni zetu zimelowa hadi moyoni.

Bibi alikuwa mkavu. Alikuwa amekataa kulala hemani usiku ule, amelala garini, amekunja kiti. Alishuka, akafunga kisutu chake kichwani, akaanza kutoa amri kwa sauti ya mtu anayejua. Ng'oeni. Sogezeni kule kwenye mawe, mlima unapobinuka. Turubai likunjwe kingo, lisitokeze hata kidole nje ya hema. Nilipokuwa nakunja akaniambia, bila kunitazama, "Sisi tulikuwa na karafuu juani, juu ya majamvi. Manyunyu yakija mbio unazo pumzi tatu za kukunja. Ukikosea, karafuu inageuka mpeta na jasho la miezi limepotea. Maji mimi nayajua yanakotoka na yanakokwenda." Sikuwa na la kujibu. Nilisema tu, "Nisamehe, Bibi." Akaniambia nishike ncha ile nyingine.

Tukiwa katika hangaiko hilo akaja mama mmoja kutoka kwenye hema la jirani, mwenyeji wa milima ile, na tochi na furushi la kuni kavu alizozifunga kwenye mfuko wa plastiki. Wenyeji wa huko wana lugha yao, Kijibali, ambayo Mwarabu wa Maskati haielewi. Yeye na Bibi walisemezana kwa Kiarabu cha kukatakata. Akawasha moto, akaleta maziwa ya ngamia ya moto kwa watoto, kisha akaleta chetezo chenye makaa, akatia ubani, akakisogeza chini ya nguo za watoto zilizolowa mpaka moshi ukazipenya. Haukaushi sana, lakini unaondoa uvundo na kufukuza mbu, na mtoto aliyenukia hivyo analala. Jina lake sikulipata. Asubuhi hema lao lilikuwa limeondoka.

Kulipokucha niliona jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Bibi alikuwa amesimama ukingoni, ukungu unampita kama moshi, uso ameuelekeza kwenye upepo. Akamwita kaka. "Upepo huu unatoka upande gani?" Kaka akatazama simu yake, akasema, "Kusini magharibi, Mama. Baharini." Bibi akanyamaza kidogo. "Basi hili ni kusi. Miaka yote hii mnaniambia kharif, kharif. Hili ni kusi letu."

Na ni kweli. Upepo unaotupiga sisi Unguja na Pemba katikati ya mwaka, ule tunaouita kusi, hupita pwani yetu, hupita Somalia, na kuvuka bahari ya Arabuni. Ukifika Dhofar unayasukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini yanapanda kushika nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji yale baridi inakuwa ukungu. Ukungu unasukumwa nchi kavu na kukutana na milima, Qamar, Qara na Samhan, iliyojipinda kuizunguka pwani kama mwezi mchanga. Hauwezi kupanda juu zaidi, kwa sababu hewa ya moto ya jangwa imeufunika kama kawa. Basi unakaa hapo miezi mitatu, na miti inaunasa kwa majani yake, tone baada ya tone. Ukivuka mgongo wa mlima upande wa pili, jangwa linaanza tena.

Nimekulia pwani, nimelisikia neno kusi tangu utotoni, na nililijua kama kero ya wavuvi na ya wanaoanika nguo. Sikuwahi kujiuliza linakwenda wapi likitutoka. Mwaka 1331 Ibn Battuta aliondoka Kilwa kwa jahazi akaja hadi Dhofar hii hii, akakuta ndizi na nazi. Nilikuwa nalijua hilo kama habari ya darasani. Kulijua nikiwa nimesimama juu ya majani yaliyolowa, na mtu wa Wete kando yangu analiita upepo kwa jina lake, ni kitu kingine.

Siku mbili zilizofuata tulizunguka. Wadi Darbat maji yalikuwa yanapita chini ya miti, na watu wengi mno, wengine wameingiza magari hadi kwenye majani. Hilo liliniuma. Majani yale yana miezi mitatu tu ya kuishi, na alama ya tairi kwenye udongo laini inabaki pale hadi jua lilikaushe. Tuliegesha barabarani tukatembea, polepole, kwa mwendo wa magoti ya Bibi, na kwa mwendo ule watoto waliona konokono, vinyonga na maua madogo ya zambarau ambayo wenye haraka waliyakanyaga.

Mughsail, magharibi ya Salalah, bahari ilikuwa imefungwa. Nimeona kusi kwetu, lakini si namna ile. Wimbi linagonga chini ya mwamba na maji yanaruka juu kupitia matundu ya mawe, na ardhi inanguruma miguuni. Kuna uzio. Julai 2022 wimbi liliwazoa watu waliokuwa wakitazama bahari hapo hapo, wengine hawakurudi. Nilimshika mtoto mdogo kiunoni muda wote, na sikuona haya. Manahodha wa zamani walikuwa wanangoja mwanzo au mwisho wa kusi. Katikati yake chombo kinapandishwa pwani. Bibi hakusogea karibu. Alikaa garini akavuta uradi.

Mirbat ndiko alikotaka kwenda yeye. Kuna kuba mbili nyeupe makaburini, juu ya kaburi la Muhammad bin Ali, anayeitwa Sahib Mirbat, wa karne ya 12. Masharifu wote wa Kibaalawi wanarudisha nasaba yao kwake, maana yake na wale waliokuja Lamu, Ngazija na Unguja, waliotujengea madrasa na kutusomea maulidi. Bibi aliinua mikono akasoma Fatiha, akataja mwalimu wake wa chuoni kule Pemba kwa jina. Nilikuwa sijamsikia akimtaja kabla.

Hakuna kilichokauka siku zote zile. Kisutu cha Bibi, kile alichojifunga usiku wa mafuriko, tulikianika juu ya hema, ndani ya gari, kwenye kiti, kikabaki kibichi vile vile, kizito, kinaanza kunuka. Nilimwambia nitakinunulia sabuni Maskati. Akasema tungoje.

Tuliporudi tulipanda mlima ndani ya ukungu, taa zimewaka, na ghafla tukatoka kwenye jua kali kama mtu aliyefunguliwa mlango. Tukasimama Wadi Dawkah, bonde la mibani lililo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mbani haupendi kulowa. Unakaa upande huu mkavu, nyuma tu ya mlima, mfupi, magamba yake yanabanduka kama karatasi. Kaka alituonyesha mahali walipoukwangua, chozi jeupe limeganda. Nikafikiri jinsi kwetu tunavyosema tunakwenda kutoa ubani, tukiwa na maana ya fedha za msibani, na mimi mwenyewe sikuwahi kuona unapotokea.

Wifi yangu aliwasha jiko la gesi kwa chai. Bibi alikitandaza kisutu juu ya boneti, akaweka kijiwe kila pembe. Kabla birika halijachemka kilikuwa kimekauka, kimekakamaa. Akakikunja mara nne, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Bado kilikuwa na moshi wa chetezo cha yule mama.